Alichonga Alichokiona

  

Nina swali kabla ya yote. Kitabu chako cha kwanza cha kusomea, kile cha darasa la kwanza, kilikuwa na picha. Labda jogoo juu ya paa, labda mama anayetwanga, labda mtoto na mbuzi wake. Picha hiyo unaikumbuka hadi leo, hata kama maneno yaliyokuwa chini yake yamekutoka. Sasa niambie, nani aliichora? Jina lake nani? Wengi wetu hatulijui, na hatukuwahi kuliuliza. Mwandishi tunamtaja, mwalimu tunamkumbuka, lakini aliyetuwekea picha kichwani kwa maisha yetu yote tunampita tu.

Jioni hii nataka tumzungumzie mmoja wa watu hao, ambaye jina lake halikupotea. Ni Thomas Bewick, Mwingereza wa kaskazini, wa mji wa Newcastle. Alizaliwa mwaka 1753, akafariki mwaka 1828. Kazi yake ilikuwa kuchonga picha kwenye vipande vya mti ili zipigwe chapa vitabuni. Na kuna jambo moja juu yake nitakalolirudia mara kwa mara, basi lishikeni tangu sasa: Bewick alichonga alichokiona. Kitu alichokiona kwa macho yake, hakuna aliyemshinda kukichonga. Kitu ambacho hakukiona kilimshinda hata yeye.

Tuanze utotoni. Bewick alizaliwa katika nyumba ya wakulima, mahali paitwapo Cherryburn, karibu na Mto Tyne. Baba yake alilima shamba la kukodi na alikuwa na mgodi mdogo wa makaa ya mawe. Thomas alikuwa wa kwanza katika watoto wanane. Shuleni walimpeleka kwa padri wa kijiji cha Ovingham, na huko masomo ya Kilatini hayakumwingia. Kilichomwingia ni kuchora. Alijaza picha pembezoni mwa madaftari, na nafasi ilipokwisha akachora kwa chaki juu ya mawe ya makaburi na kwenye sakafu ya kibaraza cha kanisa. Nyumbani alichora kwenye mawe ya jikoni, mbele ya moto, mpaka uso ukaungua kwa joto. Wala hakuna aliyemfundisha. Picha alizoziona siku zile zilikuwa vibao vya vilabu vya pombe na mapambo ya kanisani. Mengine yote aliyapata mtoni, shambani na porini.

Kuna kisa kimoja cha utoto wake alichokisimulia mwenyewe uzeeni. Siku moja alirusha jiwe, kama watoto wanavyofanya kila mahali, likampata ndege aliyetua tawini. Ndege akaanguka. Thomas akamwokota angali hai, na yule ndege akawa anamtazama usoni. Akamchukua nyumbani, akamchunguza manyoya yake, kifua chake, mdomo wake. Anasema huyo ndiye ndege wa mwisho aliyemuua kwa mkono wake. Kisha akaongeza, kwa uaminifu ninaouheshimu sana, kwamba baadaye wengi waliuawa kwa ajili yake, maana aliwahitaji ili awachore. Hakujificha nyuma ya huruma yake.

Alipofika miaka 14, mwaka 1767, alipelekwa mjini Newcastle kuwa mwanafunzi wa fundi, kwa mkataba wa miaka saba. Fundi wake aliitwa Ralph Beilby. Karakana ya Beilby ilipokea kazi yoyote ya kuchora kwenye chuma: majina ya kuwekwa milangoni, vibao vya majeneza, nyuso za saa, mihuri, vyombo vya fedha, kola za mbwa, hata noti za benki. Kazi za mti Beilby hakuzipenda. Zilikuwa kazi za hali ya chini wakati ule, picha kwaruzokwaruzo za kupamba vijitabu vya bei nafuu. Akazisukuma kwa kijana wake. Mwalimu wa hesabu mjini hapo, Charles Hutton, alipotaka michoro ya kitabu chake cha vipimo kilichotoka mwaka 1770, ni Bewick aliyeichonga. Pembetatu na duara, basi. Lakini mkono ulikuwa umeanza kuujua mti.

Wasikilizaji, hapa nitasimama, kwa sababu bila kuielewa kazi yenyewe hatutaelewa kwa nini tunamzungumzia mtu huyu miaka karibu mia mbili baada ya kufa kwake.

Chukua mhuri wa ofisi ya serikali ya mtaa, ule wanaokupigia kwenye barua ya utambulisho. Ugeuze uutazame. Kuna palipoinuka na palipozama. Wino unashika palipoinuka tu, na palipozama karatasi inabaki nyeupe. Kibao cha mchonga picha hufanya kazi vivyo hivyo. Fundi anachonga, anapaka wino, anaweka karatasi, anagandamiza.

Ulaya ilichonga picha za mti kwa karne nyingi kabla ya Bewick, ila fundi alichukua ubao uliopasuliwa kwa urefu wa gogo, akaukata kwa kisu. Seremala yeyote anayenisikiliza anajua taabu yake. Nyuzi za mti zinakwenda upande mmoja. Ukizifuata, kisu kinateleza. Ukizikata kukingama, ubao unamegeka. Mstari mwembamba kama unywele huupati. Njia aliyoishika Bewick ilikuwa nyingine. Alitumia kipande kilichokatwa kukingama gogo, upande ule unaoonyesha duara za umri wa mti. Upande huo hauna nyuzi za kukupinga, chombo kinakwenda popote mkono unapotaka. Mti wenyewe ulikuwa boksi, mti mgumu sana unaokua polepole. Na badala ya kisu alitumia burini, kijichuma chembamba chenye ncha kali na mpini wa duara unaokaa ndani ya kiganja. Kibao kinalazwa juu ya mto mdogo wa ngozi uliojazwa mchanga. Mkono mmoja unasukuma burini, mwingine unazungusha kibao.

Njia hiyo hakuibuni yeye, ilikuwapo. Yeye alionyesha inaweza kufika wapi. Alifanyaje? Alianza na giza. Kibao ambacho hakijaguswa kikipakwa wino kinatoa weusi mtupu. Kwa hiyo kila mkwaruzo wa burini unakuwa mstari mweupe, mwanga unaoingia mahali palipokuwa usiku. Wenzake walikuwa wakichora mistari myeusi, kisha wanaondoa mti wote uliobaki. Bewick alichora kwa mstari mweupe. Manyoya ya kifua cha bundi, theluji juu ya ua, povu la maji kwenye jiwe, vyote alivitoa gizani kwa mikwaruzo. Tena akatumia namna ya kuufanya mlima wa mbali uonekane mbali: alikuwa anakwangua kidogo uso wa kibao mahali hapo, ushuke kiasi cha unywele, ili mashine isiugandamize sana na wino utoke hafifu.

Na kuna faida nyingine, ambayo wenye viwanda vya chapa waliiona upesi. Picha iliyochongwa kwenye shaba ilihitaji mashine yake na karatasi yake, ndiyo maana vitabu vyenye picha nzuri vilikuwa vya matajiri. Kibao cha mti kina kimo sawa na herufi za risasi. Unakipanga katikati ya maneno, unapiga chapa picha na maneno kwa mara moja. Nacho hakichoki. Bewick aliandika kwamba kibao kimoja alichokichonga kwa ajili ya gazeti la Newcastle kilipigwa chapa zaidi ya mara 900,000. Picha nzuri ikaweza kuingia kwenye kitabu cha mtu wa kawaida, ikakaa ukurasa uleule na habari yake. Hiki tunachokiona cha kawaida leo, jogoo na neno jogoo pamoja, kina deni kwa vibao vile.

Tuendelee na maisha yake. Akiwa kijana alituzwa na jumuiya moja ya London ya kuendeleza ufundi. Alipewa hiari, nishani ya dhahabu au pesa. Alichagua pesa, akampa mama yake. Mwaka 1776 alitembea kwa miguu sehemu kubwa ya Scotland, kisha akapanda meli kwenda London, mahali ambapo kila mchongaji alitamani kufika. Hakuipenda. Kabla ya kutimiza mwaka huko alikuwa amesharudi Newcastle, akaingia ubia na Beilby, bwana wake wa zamani. Akawa anatembea kila wiki kwenda Cherryburn kuwaona wazazi, mwendo wa karibu kilomita 20. Nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya Mto Tyne. Mto ukifurika asiweze kuvuka, alisimama ukingoni akawaita kwa sauti, akawajulia hali juu ya maji, kisha akarudi mjini. Alifanya hivyo mpaka walipofariki wote wawili mwaka 1785. Nalitaja hili kwa sababu njia hiyo ndiyo iliyokuwa chuo chake. Kila jiwe, kila ua, kila mzururaji mwenye mfuko begani aliyekutana naye baadaye alitokea kitabuni.

Mwaka 1790 kikatoka kitabu cha wanyama wa miguu minne. Beilby aliandika sehemu kubwa ya maneno, Bewick akachonga picha. Kiliuzwa haraka sana. Sasa turudi kwenye lile jambo letu. Fungua ukurasa wa mbwa wa kuchunga kondoo, wa farasi wa mkokoteni, wa ng'ombe wa kaskazini: unaona uzito wao, unaona tabia zao. Kisha fungua ukurasa wa twiga. Mwaka 1790 hapakuwa na twiga hai Uingereza. Wa kwanza alifika mwaka 1827. Bewick alilazimika kutegemea picha za watu wengine. Mtoto wa Manyara au wa Mikumi akiitazama picha ile atasema mara moja kwamba aliyeichora hakumwona twiga akitembea. Mkono ni uleule, burini ni ileile, mti ni uleule. Kilichokosekana ni kuona.

Naye alilijua hilo. Alipoanza kitabu cha ndege, alikwenda kukaa miezi miwili hivi katika nyumba moja huko Wycliffe, kwenye mkusanyiko mkubwa wa ndege waliokaushwa na kuhifadhiwa. Alichora wengi. Aliporudi hakuridhika. Ndege waliokaushwa walikuwa wamekunjwa vibaya, shingo si zao, mikao si yao. Akaamua kungoja walio hai au waliokufa muda mfupi tu. Na watu wakamletea! Wavuvi, mabaharia, wakulima, askari, marafiki wa mbali, kila aliyepata ndege asiyemjua alimpelekea Bewick. Ndiyo maana kazi ilichukua miaka mingi. Juzuu ya ndege wa nchi kavu ilitoka mwaka 1797, ya ndege wa majini mwaka 1804. Kati ya juzuu hizo mbili, yeye na Beilby waligombana juu ya jina la nani liandikwe kitabuni, na ubia ukavunjika. Watu wengine huona ugomvi wa namna hiyo ni mdogo. Mimi sioni hivyo. Mtu aliyetia macho yake katika kitabu ana haki ya kuonekana ndani yake.

Mpenzi msikilizaji, uzuri wa vitabu hivi hauko kwenye ndege peke yao. Pale habari ya ndege mmoja ilipokwisha na ukurasa ukabaki na nafasi, Bewick alichonga kijipicha kidogo cha kujaza. Vijipicha vingi vinaenea kiganjani, kwa sababu shina la mti wa boksi ni jembamba. Na humo ndani ya kiganja ameweka kijiji kizima. Mwanamume hataki kulipa ushuru wa daraja, basi anavuka mto kwa kushika mkia wa ng'ombe, na kofia yake inachukuliwa na upepo. Kofia ni ghali kuliko ushuru. Kondoo mwenye njaa yuko kwenye theluji na mwanawe, anatafuna ufagio wa zamani kando ya nyumba iliyobomoka. Mwanajeshi mzee wa mguu wa mti anaguguna mfupa, mbwa anamtazama, na nyuma yao kuna jumba la tajiri. Bewick aliishi wakati Uingereza ikipigana vita vingi, na ardhi za malisho ya pamoja zikigawanywa na kuzungushiwa ua, mwenye ng'ombe mmoja akabaki hana pa kumchunga. Yalimuuma. Hakuandika makala ndefu juu ya mwanajeshi yule. Alimchonga, akamweka baada ya habari za ndege, msomaji akutane naye.

Kijipicha kimoja nakipenda kuliko vyote. Amechonga nyumba ndogo na miti, kisha juu yake amechonga alama ya dole gumba lake, mistari yote, imeifunika nusu ya picha. Alama hiyo aliitumia tena baadaye kwenye stakabadhi za kitabu chake cha hadithi za Esopo cha mwaka 1818. Asiyejua kusoma hutia dole gumba akaaminiwa. Bewick alijua kusoma na kuandika, na bado alitia lake.

Sasa tufike kwetu. Mtu wa Newcastle anatuhusu nini sisi wa pwani na wa maziwa makuu?

Karakana yake ilifundisha vijana wengi, na baadhi yao walikwenda London na ufundi ule. Mmoja, William Harvey, ndiye aliyechora picha za Alfu Lela u Lela iliyotafsiriwa na Edward William Lane, hadithi zilezile ambazo bibi zetu walitusimulia. Lane aliwahi kuishi Cairo, akawa anamwelekeza Harvey juu ya mavazi na nyumba. Hapo angalau palikuwa na macho yaliyoona. Lakini ufundi ulikua ukawa biashara kubwa. Mwaka 1842 likaanzishwa London gazeti la picha, na mengine yakafuata. Kibao kikubwa kiliunganishwa kwa vipande vidogo vilivyokazwa kwa skrubu. Habari ikifika, vipande vinafunguliwa, kila fundi anapewa chake, huyu anachonga anga, yule miti, yule watu, usiku kucha, asubuhi vinaunganishwa tena. Kwa njia hiyo ndipo Ulaya ilipoiona Unguja, Bagamoyo na Ujiji. Mwandishi wa habari Stanley alipokutana na mmisionari Livingstone Ujiji mwaka 1871, na kitabu chake kikatoka mwaka uliofuata, mkutano ule dunia iliujua kwa picha ya mti: Wazungu wawili wanasalimiana, umati umewazunguka. Waliochonga hawakufika Ujiji.

Je, ni kosa lao? Walikuwa mafundi wazuri, wenye ujira wa kuutafuta. Lakini nasema waziwazi, katika picha nyingi za namna hiyo Mzungu ana sura yake na umati wa Waafrika una sura moja iliyorudiwarudiwa. Watu waliokuwapo Ujiji walikuwa na majina, wakiwamo kina Susi na Chuma waliokuwa na Livingstone. Aliyechonga hakumjua hata mmoja wao. Ni twiga wa mwaka 1790 tena, ila safari hii ni watu, na picha hizo ziliingia kwenye vitabu vya shule kwa miaka mingi, vingine vikatufikia sisi wenyewe. Kibao cha mti kilikuwa kimejifunza kwa Bewick kila kitu isipokuwa safari ya kwenda kutazama.

Nimalizie na siku zake za mwisho. Mwaka 1827 alitembelewa na John James Audubon, Mmarekani mchora ndege, kijana kwake kwa miaka mingi. Walipendana. Audubon akampa ndege mdogo wa Marekani jina la Bewick. Baada ya kufa kwake, batamaji mmoja mweupe anayezaa huko kaskazini kabisa akapewa jina lake vilevile, naye anaitwa hivyo hadi leo. Mwaka wa mwisho wa uhai wake alikuwa akichonga kibao kikubwa kuliko alivyozoea: farasi mzee, mifupa imetokeza, amesimama mvuani karibu na kisiki, hana mwenyewe tena. Alitaka picha hiyo iwe kubwa na ya bei ndogo, watu wa kawaida waibandike ukutani wakumbuke wanyama waliowatumikia. Hakuimaliza. Alifariki tarehe 8 Novemba 1828, akazikwa Ovingham, kwenye uwanja uleule wa kanisa alikokuwa akichora kwa chaki. Farasi yule alipigwa chapa mwaka 1832 kama alivyomwacha. Habari za maisha yake alikuwa ameziandika mwenyewe kwa ajili ya binti yake Jane, na ni Jane aliyezitoa kuwa kitabu mwaka 1862. Nyumba ya Cherryburn bado ipo, ni makumbusho.

Muda wetu umekwisha. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutarudi pwani kwa wachonga milango wa Lamu na Unguja, tuwasikilize wanavyoeleza kazi yao kwa maneno yao.